Kwa Mwendo wa Watoto

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja katika ukumbi wa kanisa mtaani Nyalenda, Kisumu, mbele ya wachungaji, wazee wa kanisa, walimu wa Shule ya Jumapili na walezi wa watoto. Baadhi ya waliokuwepo waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Bwana Yesu asifiwe.

Mchungaji wetu mwenyeji, wachungaji wote mliofika, wazee wa kanisa, baba zangu na mama zangu, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mlioketi pale mbele mkekani, hamjambo? Watoto sijawasikia. Hamjambo? Haya, asanteni.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nilizaliwa Vihiga, nikaolewa Nyakach, na kwa miaka 22 nimefundisha watoto hapa Kisumu, darasani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa na kanisani kila Jumapili. Nimeombwa nizungumze juu ya thamani ya mtoto na ya yule anayemlea. Nitaanza na safari moja ambayo wengi wetu tumeisoma tukaipita.

Katika Mwanzo sura ya 33, Yakobo anakutana na Esau baada ya miaka mingi ya uadui. Esau amekuja na wanaume 400, watu wa mbio, hawana mzigo. Ndugu hao wanakumbatiana, wanalia, kisha Esau anasema, haya, tung'oe safari, mimi nitatangulia. Ni mwaliko mwema kabisa. Lakini Yakobo anaukataa. Anamwambia kaka yake kwamba watoto alio nao bado wachanga, na kondoo na ng'ombe wananyonyesha, na wakikimbizwa hata siku moja tu, kundi litakufa. Wewe tangulia, bwana wangu. Mimi nitakuja polepole, kwa mwendo wa watoto.

Maneno hayo, kwa mwendo wa watoto, yameniganda moyoni tangu mwaka 2020.

Mnakumbuka mwaka ule. Makanisa yalifungwa mwezi wa Machi. Yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai, masharti yalikuwa haya: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wote walio chini ya miaka 13 na juu ya miaka 58 wabaki nyumbani. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, tulizika watu, na simlaumu yeyote aliyeandika masharti yale. Lakini nilipoingia kanisani Jumapili ya kwanza nikakuta ibada inaanza saa yake na kumalizika saa yake. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeomba maji. Ndugu mmoja aliyeketi mbali kidogo nami alinigeukia akasema, "Mwalimu, leo ibada imetulia." Nikatazama viti vile vilivyotenganishwa, nikaona kwamba waliokosekana walikuwa watu wa nyumba moja. Nyanya na wajukuu wake. Anayelea na anayelelewa walikuwa wamebaki pamoja nyuma ya mlango mmoja, na sisi tulio katikati, wenye nguvu na wasio na mzigo mgongoni, tulikuwa tumetangulia na Esau. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tuliiona ibada ile kuwa nzuri.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo. Katika kanisa nililokuwa nikiabudu zamani, kulikuwa na mama kijana mwenye mtoto wa miezi kama 7. Alikuwa anawahi, anaketi kiti cha mwisho karibu na mlango. Mtoto akianza kulia, mhudumu wa mlangoni hakumwambia neno. Alitabasamu tu na kunyoosha mkono kuelekea nje. Mama anabeba mfuko wake na leso yake, anatoka. Uani palikuwa na mwembe, na chini ya mwembe kiti cha plastiki kilichovunjika mguu mmoja kikaegemezwa kwa mawe. Spika zilielekezwa barabarani ili wapita njia wapate Neno, kwa hiyo pale mwembeni husikii vizuri. Darasa langu la Shule ya Jumapili lilikuwa pale nyuma, chini ya mabati, ndiyo maana nilimwona kila juma. Yule mtoto alijifunza kukaa pale chini ya mwembe. Akatambaa pale. Akaota meno pale. Alipoanza kusimama dede mama yake alimnunulia vile viatu vinavyolia kila hatua, pii, pii, pii, nikajua sasa huyu mama hataingia ndani kabisa.

Siku moja nikamuuliza, "Mama, mbona usimwachie mtu kidogo uingie?" Akaniambia, "Mwalimu, nimwachie nani?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Tangu nijifungue sijashiriki Meza ya Bwana. Mkate hauletwi huku mwembeni."

Ndugu zangu, hatukumfukuza yule mama. Hakuna mzee wa kanisa aliyekaa akaamua kwamba mwenye mtoto asishiriki. Ni mkono ulionyooshwa kwa tabasamu, Jumapili baada ya Jumapili.

Mnajua habari ya wanafunzi waliowakemea wale waliomletea Yesu watoto. Iko katika Marko 10, iko katika Mathayo, iko katika Luka. Luka anasema walikuwa watoto wachanga. Basi tujiulize, mtoto mchanga hufikaje kwa Yesu? Haji kwa miguu yake. Ameletwa, amebebwa na mtu aliyetembea juani, huenda amechoka, huenda tangu asubuhi hajala. Ukimkemea mtoto mchanga, anayesikia ni yule aliyembeba. Na Marko anatuambia Yesu alichukizwa sana. Katika Injili si mara nyingi tunasoma neno hilo juu ya Bwana wetu. Alichukizwa na wanafunzi wake mwenyewe, watu wa karibu, waliodhani wanalinda utaratibu wa ibada.

Tuelewe pia wakati ule ulikuwaje. Kuna barua iliyopatikana Misri, iliyoandikwa mwaka wa 1 kabla ya Kristo na mtu aitwaye Hilarion, aliyekuwa Alexandria kikazi, akimwandikia mkewe Alis aliyebaki nyumbani akiwa mjamzito. Barua yenyewe ni ya upendo. Anamwambia asiwe na wasiwasi, akipata mshahara atautuma. Na humo humo anamwambia, ukizaa wa kiume, mwache aishi. Ukizaa wa kike, mtupe. Hilarion hakuwa katili kuliko jirani zake. Ndivyo dunia yao ilivyokuwa. Kitabu cha Didache, mmoja wa miongozo mikongwe kabisa ya Wakristo, kinakataza waziwazi kumwua mtoto aliyezaliwa, na Wakristo wakajulikana kama watu wasiotupa watoto. Dola ya Kirumi ilikuja kuliharamisha jambo hilo mwaka 374. Kanisa lilitangulia sheria. Nakumbusha hilo kwa sababu sasa nitasimulia mahali ambapo sheria ilitangulia kanisa.

Mdogo wangu alipata mimba akiwa na miaka 17, kidato cha 3. Ilikuwa 1998. Kanisa la nyumbani lilimwita asimame mbele ya watu, akatamka kosa lake, akahamishiwa benchi la nyuma. Mtoto alipozaliwa tukaomba abatizwe. Tukaambiwa hawezi kubatizwa pamoja na wenzake siku ya Jumapili. Akabatizwa siku ya Jumatano, mlango wa mbele ukiwa umefungwa, bila kwaya, tukiwa watu 5. Baba wa mtoto yule alijulikana na kanisa zima. Alikuwa mpiga ngoma wetu. Hakukosa Jumapili hata moja, na hakuna aliyemwita popote. Mdogo wangu ameketi benchi la nyuma na tumbo lake, na ngoma inalia.

Serikali ya Kenya ilikuwa na sera tangu 1994 kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi shuleni. Mwalimu mkuu wake alimpokea, Mungu ambariki mama yule, akamaliza kidato cha 4. Kanisa lilichukua miaka 2 kabla ya kumrudisha kundini. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake wote wawili, na kwamba jukumu la baba na la mama ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Tulihitaji Katiba itufundishe hilo, sisi wenye Biblia mkononi.

Yule mtoto leo ni mwanamume mzima, fundi wa umeme, mpole, ananiheshimu sana. Kila Pasaka namwalika kanisani. Na kila Pasaka ananijibu, "Mama mkubwa, mimi nilibatizwa Jumatano."

Sijapata jibu la kumpa.

Hebu niseme jambo juu ya lugha yetu. Kiswahili kina neno moja, mlezi. Tuna mlezi wa chama, mlezi wa kwaya, mlezi wa vijana. Huyo akifika huwekewa kiti chenye kitambaa, huvishwa shada, husomewa risala, watu humpigia makofi ya kilo. Kuna na mlezi wa mtoto. Huyu akifika huambiwa sogea kidogo, mama, uwaachie wageni nafasi. Neno ni lile lile. Na kwa Kijaluo, lugha ya nyumba niliyoolewa, kulea mtoto ni pidho, na kupanda mche ni pidho pia. Anayemshika mtoto mama akienda shambani huitwa japidi. Mara nyingi ni msichana mdogo, na yeye mwenyewe bado analelewa.

Hilo linanileta kwa yaya. Nawaomba mnivumilie hapa, maana najua naingia ndani ya nyumba zetu.

Katika Mwanzo 24, Rebeka anapoondoka kwao kwenda kuolewa na Isaka, anasindikizwa na mlezi wake. Hatajwi jina. Miaka inapita, Rebeka anazaa mapacha, mapacha wanakuwa wazee, na katika sura ya 35 mstari wa 8, katikati ya safari nyingine kabisa, Biblia inasimama kutuambia kwamba Debora, mlezi wa Rebeka, amekufa, akazikwa karibu na Betheli chini ya mwaloni, na mti ule ukaitwa Alon-bakuthi, maana yake mwaloni wa kilio. Kifo cha Rebeka mwenyewe hakisimuliwi. Cha yaya wake kimesimuliwa, na jina lake, na mti wake, na machozi yaliyomwagika pale. Kwa nini Roho Mtakatifu aliona mstari ule unafaa kuandikwa? Mimi naamini nyumba nzima ya Yakobo ilijua ni nani aliyewabeba.

Yaya wa nyumbani kwako anaitwa nani? Nauliza jina lake la nyumbani, la babaye, si lile la "dada" au "auntie". Anatoka kijiji gani? Analala wapi? Agizo la mishahara la mwaka 2022 linamtaja yaya wa watoto waziwazi, na kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu lilimwekea kima cha chini cha shilingi 15,201 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Novemba 2024 kima hicho kikaongezwa kwa asilimia 6. Sitaomba mtu ainue mkono. Najua wengine wetu hapa tunapata mshahara ambao hauwezi kutoa hizo pesa, na mwalimu wa chekechea ni mmoja wao. Basi kama huwezi kumlipa zote, angalau asikose siku yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku 7. Sisi tunaohubiri Sabato, Sabato ya yaya wetu ni lini? Jumapili sisi tumevaa tumekwenda kanisani, yeye amebaki na sufuria. Na ile Jumapili anayokuja, anakuja kumshika mtoto ili sisi tusikilize.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Wahenga wetu walilijua hilo. Nashangaa tu kwamba sherehe zetu zote ziko upande wa mimba na kuzaliwa. Tunafanya maombi ya shukrani, tunaleta sukari na sabuni, tunapiga vigelegele kwa juma moja. Baada ya hapo mama anabaki peke yake na ile kazi yenyewe, na tunakutana naye tena mtoto akifika umri wa kipaimara akiwa hajui Sala ya Bwana, tunauliza, huyu alilelewa na nani?

Sasa niwageukie nyanya zetu. Naona wapo kadhaa, asanteni kwa kuja. Zamani katika nchi hii ya Wajaluo kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee, ambamo watoto walilala, wakasimuliwa hadithi, wakafunzwa adabu na mambo ya dunia. Kwetu Vihiga tulikwenda kwa kukhu, na sijui shule nyingine iliyonifunza zaidi. Nyanya yule wa zamani alipokea watoto jioni na kuwarudisha asubuhi kwa mama zao. Kisha ukaja UKIMWI. Serikali ilipoutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, huku kwetu tulikuwa tumekwisha kuzika kizazi. Nyanya akapokea watoto jioni, na asubuhi hapakuwa na mama wa kuwarudishia. Wanawake waliokuwa wanangoja kutunzwa na watoto wao walianza upya, wana miaka 60 na 70, kuosha nepi, kutafuta karo, kukesha na mtoto mwenye homa. Waliijenga Nyanza upya kwa mikono ile yenye baridi yabisi. Vijana wengi mnaowaona leo katika boda boda, katika benki, katika vyuo, ni kazi ya mikono hiyo.

Serikali ilianzisha mpango wa fedha kwa nyumba zinazolea mayatima mwaka 2004. Kwa miaka mingi kiasi chake kimekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, tena kwa nyumba, haijalishi mna watoto 2 au 6. Mara nyingi zinachelewa. Lakini zinakuja. Na sisi kanisa? Nawaambia nilichokiona kwa macho yangu. Nyanya mmoja anayelea wajukuu 5, jina lake lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kanisa lake pamoja na majina ya "wadaiwa wa ujenzi". Alikuwa anadaiwa shilingi 1,500 za vigae. Mjukuu wake wa gredi ya 3, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma kwa ufasaha, alisimama mbele ya ubao ule akamsomea kwa sauti. "Dani," yaani nyanya, "hapa pameandikwa jina lako." Alifikiri ni jambo zuri.

Mimi nilikuwa katika kamati ile ya ujenzi. Vigae vilinunuliwa. Mwaka ule Shule ya Jumapili ilipewa katoni moja ya chaki.

Naomba wachungaji wangu mnisikilize hapa kwa upendo, kwa kuwa nakuja kuomba kitu. Wamisionari wa Marafiki, yaani Waquaker, walipofika Kaimosi mwaka 1902, na wale wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, walipoanza Maseno mwaka 1906, kanisa halikusimama peke yake. Palikuwa na shule, palikuwa na matibabu. Wazazi wetu walimjua Mungu kupitia mtu aliyemshika mtoto wao mgonjwa. Urithi wetu huo. Leo, hapa hapa Nyalenda, kuna nyumba za kulea watoto, zile tunazoita beibi kea. Niliingia moja mwezi uliopita. Chumba cha futi 10 kwa 10, dirisha moja dogo, watoto 19 na mwanamke mmoja. Mama huacha shilingi 50 kwa siku na chupa ya uji. Yule mwanamke si mtu mbaya, sikilizeni vizuri, nitamtetea popote. Alikuwa na mmoja mgongoni, mmoja mapajani, na mguu wake ulikuwa unabembeleza wa tatu aliyelala kwenye karai lililotandikwa nguo. Alikuwa anaimba. Aliniambia tangu saa 12 asubuhi hajaenda chooni, kwa sababu hakuna wa kumshikia. Ninyi mnaosema mkono mmoja haulei mwana, huyo alikuwa na mikono 2 kwa watoto 19.

Nilipotoka nje, ng'ambo ya barabara kuna ukumbi wa kanisa. Sitautaja. Madirisha makubwa, sakafu safi, choo, tangi la maji, viti vimepangwa hadi darini. Mlango una kufuli tangu Jumapili jioni hadi Jumamosi ya mazoezi ya kwaya.

Katiba, katika Jedwali la Nne, imeweka elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo si jambo la kuomba kama hisani, tunaweza kwenda kwa kaunti kuuliza mpango uko wapi, nani anakagua vyumba vile, nani anawafunza wale wanawake. Twendeni pamoja, wachungaji wakiwa mbele, maana nikienda mimi na mkoba wangu nitangojeshwa kwenye benchi. Lakini kufuli ile ni yetu, na funguo ziko mfukoni mwa mtu aliyemo humu ndani. Ninachoomba ni hiki: makanisa ya mtaa huu yafungue kumbi zake kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa kwa ajili ya wanawake hawa na watoto walio nao. Wabaki ni wao wenye kazi yao na malipo yao. Sisi tutoe nafasi, maji, na zamu ya watu wawili kila siku wa kuwapokea mikono. Akina mama wa umoja wa kanisa mko hapa. Wazee waliostaafu mko hapa, na mnajua kusimulia.

Na akina mama wa Kibuye tuwafikirie pia. Soko la Kibuye hujaa kuliko siku zote siku ya Jumapili, na ibada yetu ni saa 4 asubuhi. Tumewaita wavivu wa kiroho. Mtoto wao analala chini ya meza ya nyanya na vitunguu huku sisi tunaimba. Je, haiwezekani ibada moja ya Jumatano jioni? Mimi niko tayari kuifundishia watoto wake. Nina sababu yangu na siku ya Jumatano.

Baba zangu, sijawasahau. Sheria inampa baba likizo ya wiki 2 mtoto akizaliwa. Ichukueni, na msiitumie kwenda kumwagilia mahindi. Katika miaka yangu 22, naweza kuhesabu kwa vidole wanaume walioniletea mtoto darasani asubuhi wakamfunga kamba za viatu. Watoto wa wanaume hao huwa wanasimulia jambo hilo siku nzima.

Na kuna jambo moja sitaki kulipita hata kama ni zito. Mtoto akiumizwa nyumbani, au shuleni, au, Mungu atusamehe, na mtu wa kanisani, tumezoea kusema yaishe nyumbani, tusichafue jina. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Watoto, semeni nami: moja, moja, sita. Tena. Asanteni.

Nilianza na Yakobo. Isaya naye, sura ya 40, anamwona Bwana kama mchungaji, amewachukua wana-kondoo kifuani mwake, "nao wanyonyeshao atawaongoza polepole." Wachungaji wetu, neno hilo polepole limeandikwa katika maelezo ya kazi yenu. Kule kwa yule mama wa mwembeni, mwishowe wazee walikubali kutandika mkeka mbele, upande wa kushoto, kwa ajili ya wenye watoto wadogo. Ilichukua miezi 4 ya vikao. Jumapili ya kwanza kelele zilikuwa nyingi, sitawaficha, na mhubiri alinyamaza mara 3. Kufikia mwisho wa mwezi mahubiri yalikuwa yameshuka kutoka dakika 50 hadi dakika 30, na watu wakaanza kuyakumbuka. Ile siku ya Meza ya Bwana, mkate ulianza kupitishwa kutoka mkekani. Yule mama alipokea. Mtoto wake akanyoosha mkono naye apewe, akambariki mchungaji kwa mate kidoleni, na viatu vyake vikalia pii, pii, pii mpaka madhabahuni na kurudi.

Sasa namalizia, maana naona wawili pale mkekani wameshalala na mmoja anamvuta mwenzake nywele.

Mnajua desturi yetu katika mikutano, katika harusi, hata matangani. Wageni wa heshima wanakula kwanza, kisha wazee, kisha wanaume, kisha akina mama, na watoto wanaitwa mwisho kabisa, wanazunguka sinia moja nyuma ya nyumba, wali umekwisha kuwa ukoko na nyama imebaki mchuzi. Waliopika wanakula baada yao, wakisimama. Nimemwomba Mchungaji ruhusa tangu jana, naye amenikubalia. Akina mama wa jikoni wameniashiria kwamba chakula ki tayari. Mstari wa leo unaanzia pale mkekani, watoto wakiwa na wale waliowaleta, akina yaya na akina nyanya, kisha waliopika waketi wapakuliwe. Wazee wawili hapa mbele wamekubali kushika upawa. Sisi wengine tutangoja. Watoto, msiwaamshe wenzenu kwa kuwavuta, waamsheni polepole. Simameni, twende tukanawe mikono.